Arusha: nimeuziwa diski ya mtumba kwa bei ya mpya, halafu naulizwa "Mama, kwani umenunua saa au diski?"

MamaSakina_tu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka mjini sasa hivi, hata viatu sijavua, ugali wa watoto haujasongwa, wasubiri.

Yule kijana. Mnamjua, msijifanye. Duka lenye mlango wa kioo, ukitokea Mnara wa Saa unashuka kidogo, muziki unapigwa mpaka nondo za dirisha zinacheza, na mwenyewe kavaa miwani ya jua ndani ya duka kama vile jua linachomozea kaunta. Huyo huyo. Simtaji, hana haja ya kutajwa.

"Mama, kwani umenunua saa au umenunua diski?"

Ndivyo alivyonijibu. Mbele ya watu.

Ngoja nianze mwanzo. Kompyuta yangu ya mezani ina diski ya 1TB niliyoinunua mwaka 2014. Humo kuna kila kitu: kipaimara cha mwanangu wa kwanza, harusi ya mdogo wangu, na video ya mazishi ya baba kule Machame. Kwenye ile video bibi anaongoza wimbo kaburini, na bibi naye ametangulia. Sauti yake haipo mahali pengine popote chini ya jua. Mwezi uliopita diski ikaanza kulia kro, kro, kro, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikasema hapana, sauti ya bibi haitapotelea mikononi mwangu.

Nimesoma wiki tatu. Sikukurupuka. SSD ni nzuri, haina kinachozunguka ndani, lakini bei yake kwa 4TB ilinikalisha chini. Nikaamua Windows ibaki kwenye SSD yangu ndogo, picha na video zikae kwenye diski ya sahani. Nikajua nataka ya inchi 3.5, siyo ile ya laptop ya 2.5. Nikajua mizunguko 5400 kwa dakika inamtosha mtu wa kuhifadhi picha, 7200 ni ya mwenye haraka zake. Nikajua mpaka CMR na SMR, namna mbili za diski kupanga data: kwamba kwenye CMR njia za data zinakaa kando kando, kwenye SMR zinapandiana kama vigae vya paa, ukianza kuandika upya vitu vingi diski inazubaa, na kwamba mwaka 2020 ndipo wateja wa Western Digital walipogundua baadhi ya WD Red zina SMR na hakuna aliyewaambia. Yaani nilikwenda pale nimeiva.

Nikamwambia nataka mpya. MPYA. Akasema, "Ya boksini hiyo mama, imeingia juzi." Boksi lenyewe halikuwepo, eti maboksi yanajaza duka. Laki mbili na sitini, taslimu, nikamhesabia noti moja moja.

Nafika nyumbani nafungua. Ule mfuko wa rangi ya fedha umezibwa kwa selotepu. Nikaigeuza diski kwenye mwanga wa dirisha. Matundu ya skrubu yamelika, kuna mikwaruzo ya bisibisi inang'aa kabisa. Na pale karatasi ya lebo inapoishia, kuna mstari mwembamba wa vumbi jekundu. Vumbi letu hili hili. Sasa diski iliyotoka kiwandani ikaingia dukani juzi, imepakwa na nani vumbi la Arusha?

Nikachomeka waya wa SATA, nikafungua CrystalDiskInfo, ile programu ya kupima afya ya diski. Njano, yaani tahadhari. Masaa iliyokaa imewashwa: 31,206. Gawanya kwa 24, ni siku 1,300. Miaka mitatu na nusu inazunguka mchana na usiku, haijalala hata Krismasi. Mtoto aliyezaliwa siku ilipowashwa sasa hivi yuko chekechea anaimba.

Leo asubuhi nimerudi na picha ya ile skrini kwenye simu. Akaangalia sekunde moja, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akageukia watu, HAKUNITAZAMA MIMI, akageukia watu:

"Mama, kwani umenunua saa au umenunua diski?"

Duka zima likaangua kicheko. Kijana wa kubadilisha vioo vya simu alicheka mpaka skrubu zikamwagika. Mlinzi aliyekuwa amelala akaamka ili acheke. Mama wa mandazi alitua ndoo chini apate nafasi.

Masaa ndiyo nilichonunua! Diski inazeeka kwa masaa, umri wake ni huo, aliyeyamaliza yale masaa 31,206 ameniachia mimi makombo kwa bei ya sahani nzima. Nikamwonesha na sekta 16, vile vipande vidogo vya kuhifadhia data, zinazosubiri kufa. Akanionesha kibandiko ukutani, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, akaongeza sauti ya muziki.

Saa au diski. Kwenye kifodi, daladala zetu za Arusha, mpaka nafika Sakina nilikuwa naisikia. Nina miaka 41, nimefundisha watoto wa watu kusoma, leo naulizwa saa au diski.

mangi_wa_rau

Nimewahi siti ya mbele. Samahani mama, ila hatujajibiwa: ni saa au ni diski?

MamaSakina_tu

Toka hapa.

kijenge_juu

Yule wa miwani? Aliniuzia chaja, nilipoichomeka taa za nyumba nzima zikapiga chafya. Nikamrudishia, akaniambia umeme wa kwetu ndiyo mbovu.

bisibisi_ya_nyota

Pole sana dada. Swali moja: lebo yake ni ya zambarau?

MamaSakina_tu

Ndiyo, zambarau. Umejuaje?

bisibisi_ya_nyota

Hiyo imetoka kwenye mashine ya kamera za ulinzi. Za zambarau ni WD Purple, wenzao Seagate wanazo zinaitwa SkyHawk. Zimeundwa kuandika picha za kamera saa 24 bila kupumzika, ndiyo maana masaa yake yako hivyo. Mtu akibadilisha mfumo wa kamera, diski zinatolewa, zinafutwa vumbi, zinaingia mtaani. Hazijakosea kitu, wala kuuza mtumba siyo dhambi, mimi mwenyewe nauza. Dhambi ni kuiita mpya.

Na ushukuru huyo hajui kazi. Mapema mwaka 2025 kule Ujerumani watu walinunua diski za Seagate wakidhani ni mpya, ukizisoma kawaida zinaonesha masaa karibu na sifuri, kumbe mtu alishafuta. Zilikuja kuumbuliwa na kumbukumbu nyingine ya ndani inaitwa FARM, ambayo wafutaji hawakuigusa. Sasa wako wewe hata kufuta ameona uvivu.

La muhimu: hizo sekta 16 ni mstari wa C5 kwenye hiyo programu, yaani sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma. Pale panatakiwa sifuri. USIHAMISHIE sauti ya bibi humo. Na ile ya zamani inayolia, izime sasa hivi. Siku ukiiwasha, iwashe mara moja, uanze na video ya mazishi, mengine yafuate. Kila ukiiwasha ujaribu-jaribu, unaimalizia pumzi.

pasua_kwetu

Hii chai. Mama wa Sakina anajua CMR na SMR? Sukari imezidi.

MamaSakina_tu

Kwani mama akijua anapungukiwa nini? Ndicho alichodhani yule kijana na wewe unarudia. Yeye alitegemea niende nyumbani nichomeke nishukuru. Alivyoona nimekuja na namba akakosa jibu, ndiyo akatafuta kicheko cha watu. Ile "saa au diski" ni ya mtu aliyebanwa!

pasua_kwetu

Sawa mama, yaishe. Ila chai.

ndugu_wa_ngaramtoni

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iko wapi?

MamaSakina_tu

Kanipa ya mkono. Imeandikwa "kifaa 1". Siyo diski, siyo 4TB, siyo mpya. KIFAA. Nilipomdai ya mashine akasema mashine imeisha karatasi.

ndugu_wa_ngaramtoni

Mashine zao zote nchi hii huisha karatasi ukifika wewe. Hata hivyo itunze hiyo karatasi, piga picha lebo pamoja na namba ya diski, uende Tume ya Ushindani. Sheria ipo tangu 2003, kumwambia mteja kitu ni kipya wakati ni cha zamani ni udanganyifu, kibandiko cha ukutani hakifuti sheria.

mangi_wa_rau

Akifika Tume wataanza kumuuliza amenunua saa au diski.

kichwa_cha_habari

Kwa kuwa tumefika kwenye wizi wa diski, mimi nina langu. Nilinunua 1TB, mpya kweli, ya boksini. Kuichomeka naona 931GB. Hizo 69 kala nani?

bisibisi_ya_nyota

Hakuna aliyekula. Kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Baiti ni zile zile, ya 4TB nayo itasoma 3.63.

kichwa_cha_habari

Yaani nikienda dukani nikataka kilo ya sukari, muuzaji ana kilo yake na mimi nina yangu?

kijenge_juu

Mbona ndivyo ilivyo? Nenda kwa mangi yeyote upime kilo yake.

mangi_wa_rau

Mangi amefanya nini tena hapa? Mizani za kwetu zimepigwa muhuri. Dada, njoo ununue Moshi. Huku duka linafagiliwa, mteja anapewa kiti, anaongeleshwa kwa adabu.

kijenge_juu

Moshi mna kufagia tu. Ukitaka diski ya 4TB mwenye duka anakwambia "subiri kesho", kesho yenyewe anapanda gari kuja kuichukua Arusha kwa huyo huyo wa miwani, anakuongezea elfu thelathini.

mangi_wa_rau

Elfu thelathini ya adabu. Angalau hutatukanwa.

MamaSakina_tu

Jamani, tulikuwa kwenye diski yangu.

flashi_imeoza

Mimi naomba kuuliza, diski iliyokufa kwa sababu umeme ulikatika na kurudi mara saba usiku mmoja, hiyo unamlalamikia nani? Maana ya kwangu ilikuwa mpya kabisa, haikumaliza mwezi.

bisibisi_ya_nyota

Unajilalamikia mwenyewe, nunua UPS.

flashi_imeoza

UPS nilinunua. Kwa yule wa miwani. Betri yake inashika dakika mbili.

kijenge_juu

Nimecheka kama mazuri.

ndugu_wa_ngaramtoni

Wizi mkubwa kuliko wote Arusha ni chenji ya kifodi. Unatoa buku, konda anakwambia "nakuja", anahamia mlangoni, anaanza kuita abiria kama hakujui. Mpaka unashuka.

pasua_kwetu

Hapo umenena. Hiyo siyo chai.

mangi_wa_rau

Kaa karibu na mlango ndugu yangu. Mimi konda wangu simwachi macho.

MamaSakina_tu

Narudi kwa wale wanaojali. Jioni hii nimefanya kama fundi alivyosema. Nimeiwasha ile ya zamani mara moja tu, sikufungua kitu kingine, moja kwa moja kwenye video ya mazishi. GB 6. Flashi ikaigomea, ikaandika faili ni kubwa mno, nikakumbuka ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani ambao haupokei faili la kuzidi GB 4. Nikaifomati kwa exFAT, nikaanza upya. Diski inalia kro, kro, mstari unasogea kidogo, unasimama, unasogea. Dakika hamsini nimeishika simu mkononi sikuthubutu hata kuegemea meza. Imefika mwisho. Nimeifungua kwenye flashi, nikaruka mpaka pale kaburini. Bibi yupo. Anaimba, kuna upepo kwenye maikrofoni, na mtu anakohoa. Wanangu wamekuja wamesimama mlangoni hawajasema kitu.

Picha za kipaimara bado hazijatoka zote. Kesho naendelea.

Na kesho kutwa nakwenda Tume na kile kikaratasi cha "kifaa 1". Tena nitapitia pale pale dukani kwanza, wakati watu wamejaa, nimwambie mbele ya wale wale waliocheka: hii ni diski, na hayo ni masaa yake, nirudishie hela yangu.

bisibisi_ya_nyota

Safi sana dada. Nakala mbili, usiiache kwenye flashi peke yake, flashi nazo hufa bila kuaga. Nyingine mpe mdogo wako akae nayo kwake.

mangi_wa_rau

Siku ya kwenda dukani tuambie saa ngapi, tutapanda kifodi tuje.

ndugu_wa_ngaramtoni

Ukipanda toa nauli kamili. Ukitoa buku umeshaliwa.

kijenge_juu

Leo asubuhi wa Kijenge kanibakizia mia mbili yangu. Namuuliza, ananijibu "baba, mia mbili nayo hela?" Kifodi kizima kikacheka!

pasua_kwetu

Fungua uzi wako mkuu, hiyo inastahili.