Mafundi wa saidi mira Mombasa, mtatuulia watu

Tumechoka. Tuktuk ikikwangua saidi mira, kile kioo cha ubavuni cha kutazamia nyuma, ya Corolla kuukuu pale Kongowea, fundi anakata kipande cha kioo cha kawaida, anakipaka supagluu, anakibandika juu ya kile kilichopasuka, kisha "kimeshika hicho, bosi, lete pesa."

Kimeshika nini? Kioo cha saidi mira hakikuwa bapa tangu kiwandani. Kimebinuka kidogo kwa nje ili kionyeshe upana wa barabara. Ukiwekewa bapa, gari la nyuma utaliona vizuri tu, lakini bodaboda iliyo ubavuni mwako huioni kabisa. Sasa panda nalo daraja la Nyali jioni uone. Kabla hujalipa, simamisha rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya kioo. Ikilala yote bila mwanya, umeuziwa kioo cha kinyozi. Ikigusa katikati na huku na huku pakapita mwanga, hicho ndicho.

Na kubandika kioo juu ya kioo ni uvivu mtupu. Unene ukizidi, ukingo unagonga ganda la saidi mira ile mota ndogo ya ndani inapogeuza kioo, na meno ya plastiki ndani yanasagika. Kile cha zamani kina sahani ya plastiki nyuma, imeshikwa na klipu kwenye mota. Geuza kioo kitazame juu mpaka mwisho, ukingo wa chini utajitokeza. Mwagia maji ya moto kiasi ili plastiki ilegee, ingiza bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, sukuma polepole mpaka klipu ziachie. Vaa glavu. Kurudisha, kandamiza katikati kwa kiganja. Ukikandamiza pembeni utapasua kipya palepale. Zile nyaya mbili za nyuma, kama zipo, ni za kupasha kioo joto. Mombasa nani ana haja nazo, lakini ukizitoa zifunge utepe, zisije zikagusana zikaunguza fyuzi.

Supagluu ikikauka haina mnyumbuko. Gari likishinda juani, plastiki inatanuka kuliko kioo, halafu matuta yanamalizia. Tumia silikoni, na si ile inayonuka siki, maana ile tindikali inakula rangi ya fedha nyuma ya kioo, na chumvi ya hewa ya huku inasaidia. Ndiyo maana vioo vyenu vinaota weusi pembeni. Isiyonuka siki ipo madukani. Matone matano yatosha, yasifike ukingoni, ushikize kwa utepe wa karatasi mpaka kesho yake.

Wa kubadilisha saidi mira nzima nao wana yao. Kazi yenyewe ni nati tatu za spana namba 10 nyuma ya kile kifuniko cha pembetatu ndani ya mlango. Chomoa soketi ya nyaya kwanza, ziba uwazi wa mlango kwa kitambaa nati isidondoke ndani, na uishike saidi mira kwa mkono nati ya mwisho inapotoka. Mafundi wetu wanatupa ile sponji ya chini, inayokaa kati ya saidi mira na mlango. Basi mvua za Mei zikija maji yanaingia mlangoni, na ukienda kasi upepo unapiga mluzi.

Na nyaya! Saidi mira yenye mota ya kuikunja kwa kawaida ina nyaya tano, isiyokunja ina tatu. Mtu anakuletea ya nyaya tatu kwa bei ya nyaya tano, anakata soketi nzima ya gari, anasokota nyaya kwa kubahatisha. Ukibonyeza juu, kioo kinaenda kushoto.

Riveti ndiyo inayoudhi zaidi. Wezi wa vioo wapo, tunajua, ila kutoboa ganda na kukaza kioo kwa riveti kunamaanisha mota haigeuzi tena, na kikipasuka utavunja sahani ndipo kitoke. Chora namba ya gari kwenye kioo, inatosha kumharibia mwizi soko.

Kama yuko fundi kisiwani, Likoni au Changamwe anayeweka kioo cha mbinuko na kurudisha sponji, aseme yuko wapi na anatoza ngapi kwa upande mmoja.