Chaneli ya umma imemkata bibi yangu sauti, halafu inajiita ya "jamii za mikoani na vijana"

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa vifurushi, hili ni jambo jingine kabisa.

Mimi naishi Tanga mjini, Ngamiani, ila kwetu ni Soni, Lushoto. Kuna chaneli ya umma, jina naliacha, ambayo kutwa inajitangaza kuwa ni ya jamii za mikoani na vijana wa mijini. Mwezi uliopita walituma watu wao Usambara, wakafika mpaka kwa bibi yangu, anayeijua hadithi ya Mbegha, mfalme wa kwanza wa Wasambaa, kama alivyoipokea kwa baba yake. Siku hiyo bibi aliamka alfajiri, akavaa kanga mpya, akakaa barazani kwenye kigoda, wakambandika kipaza sauti kifuani. Akasimulia kwa Kisambaa karibu saa nzima: mwindaji wa nguruwe aliyetokea Kilindi, alivyowagawia watu nyama, alivyomuua simba usiku ule wa safari ya Vuga, mpaka wakamfanya mfalme na kumwita Simba Mwene. Akifika penye simba, bibi hushusha sauti mpaka inakuwa kama mtu anayenong'ona gizani, na watoto wote hunyamaza. Nilikuwepo, hata kijana wa kamera alinyamaza na Kisambaa hakijui.

Jumapili kipindi kikarushwa. Sebule imejaa, majirani wamekaa mpaka mlangoni. Bibi akatokea. Mdomo unacheza, sauti hakuna! Juu yake wameweka muziki wa filimbi na mtangazaji anasema "bibi huyu akisimulia hadithi za kale za kabila lake". Haikufika hata dakika moja. Halafu wakasema hadithi yenyewe ni ya "mbega", na wakaonyesha mbega, mnyama, yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe, anaruka mtini. Mwasisi wa utawala wa Wakilindi, ukoo wa wafalme wetu, amegeuzwa mnyama wa porini mbele ya wajukuu zake, kwa kodi yetu. Wangemwacha bibi aseme sentensi mbili tu na mtu mmoja anayejua Kisambaa akaangalia kabla ya kurusha, kosa hilo lisingetokea.

Bibi aligeuka akaniuliza, "Mbona mimi siongei?" Sikuwa na jibu.

Najua mtakaloniambia. Masharti ya utangazaji yanataka Kiswahili au Kiingereza, na Mwalimu alituunganisha kwa Kiswahili. Wakuu, msitufundishe Kiswahili sisi watu wa Tanga, tunakipenda na tunakizungumza tangu utotoni. Ninachouliza ni hiki: akija mgeni rasmi kutoka China akahutubia kwa Kichina, mbona mnamwacha asikike na tafsiri inapita chini kwa maandishi? Kwa nini Mchina asikike na Msambaa azibwe mdomo? Kuandika Kiswahili chini ya picha hakuhitaji mtambo mpya, kunahitaji mtu wa kutafsiri, na watu hao Lushoto wamejaa.

Wengine mtaniletea Kenya ya 2007, vurugu za baada ya uchaguzi, redio za kilugha zilivyolaumiwa kwa uchochezi. Nakubali, yalitokea, tena mtangazaji mmoja alifikishwa mpaka mahakama ya kimataifa kule The Hague, ingawa kesi ilikuja kufutwa mwaka 2016. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kazi hii kufanywa na chombo cha umma chenye wahariri, badala ya kuikimbia. Hadithi ya Mbegha inamchochea nani?

Afrika Kusini wana SABC 1, chaneli ya shirika lao la umma, kwa jina hilo tangu 1996. Chaneli hiyohiyo ni ya vijana na ndiyo inayobeba Kizulu, Kixhosa, Kiswati na Kindebele, na haijawahi kuonekana kwamba lugha ya bibi na kijana wa mjini ni vitu viwili vya kugombana. Wales, Uingereza, serikali iliahidi chaneli ya Kiwelshi ikataka kurudi nyuma. Mwaka 1980 mwanasiasa mmoja, Gwynfor Evans, akatangaza atafunga kula mpaka afe. Serikali ikasalimu amri, chaneli hiyo, S4C, ikaanza kurusha Novemba 1982. Mtu alikuwa tayari kufa kwa ajili ya lugha yake kusikika sebuleni.

Na hao "vijana wa mijini" wenyewe ni wa wapi? Mdogo wangu na wenzake wanachana (wanarap) pale Makorora, hapa Tanga mjini, mstari mmoja Kisambaa, mwingine Kidigo, mwingine Kiswahili cha mtaani, ndivyo wanavyoongea kila siku kwa sababu ndivyo mtaa ulivyo. Watu haohao wa chaneli waliwarekodi, wakawaambia warudie yote kwa Kiswahili sanifu. Madogo wakajaribu, ikawa haina ladha, haikurushwa. Kilichorushwa kwenye nafasi ya vijana ni watu watatu wa Dar kwenye makochi wanazungumzia foleni ya Dar.

Sitaki kuombwa radhi hewani. Nataka vitu viwili. Kwanza, kipindi kirudiwe bibi akisikika, na picha ya yule mnyama iondolewe. Pili, watupe rekodi nzima, ile saa moja yote, kabla hawajaifuta kupata nafasi. Bibi amevuka miaka 80, na kifua kimeanza kumsumbua baridi hii ya Soni. Sijui kama ataweza tena kukaa barazani muda wote ule.

Aliyetupigia kupanga ile safari hapokei simu tangu Jumatatu. Kama kuna mtu humu anafanya kazi pale ndani, chumba cha uhariri au maktaba ya picha, tafadhali aje PM leo.