Mtu anaziba mfereji usiku wa zamu yangu, halafu ananawa miguu!

Jembe Butu: Wakuu, naandika nikiwa na matope mpaka masikioni. Yule bwana wa jaruba la juu, jina sitaji, Chekereni nzima mnamjua. Zamu yangu ya maji jana ilikuwa saa nne usiku. Nimekaa kwenye tuta, mbu wamechota damu ya kutosha wodi nzima. Saa saba mfereji unachuruzika kama pua ya mtoto. Napanda na tochi, namkuta kajaza tope kwenye mfuko wa urea, kaziba, kaukalia, ANANAWA MIGUU. Miguu, wakuu! Nikamwamkia, maana mkubwa. "Marahaba. Kwani maji yameandikwa jina lako?"

Mpunga wangu una mimba, masuke yako njiani, ardhi imepasuka mpaka panya wanapita chini kwa chini kwenda Himo. Kwake bata wanaogelea. Na kisigino alikuwa anasugua KWA JIWE. Taratibu.

Mama Pumba: Mpunga una mimba? Mhusika kapatikana?

Tochi Mbovu: Mwizi umempa shikamoo? Ungemtandikia na mkeka kabisa.

Jembe Butu: Ni mkwe wa mjomba, ningefanyaje? Hoja ni MIGUU.

Babu wa Rau: Huyo mwanafunzi tu. Skimu yetu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika 1987 kwa msaada wa Wajapani. Watu wa juu ya mto walipoona mpunga unalipa, nao wakachepusha maji, sisi wa chini tukabaki kutazama mifereji ya zege. Tumeyazoea.

Shadidi Damu: Lima shadidi. Miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, unamwagia halafu unaacha pakauke kidogo. Maji kidogo, hukeshi.

Mama Pumba: Pakikauka magugu yanaota kama yamealikwa. Utakuja kupalilia wewe? Mimi mgongo uligoma kunyooka mpaka Krismasi.

Mnyalukolo wa Mbarali: Mna bahati mnagombania maji. Huku kwelea kwelea wameshuka, napiga debe tangu alfajiri, sauti imebaki ya kuku.

Gunia Kilemba: Ndege anakubakizia. Mnunuzi wa lumbesa, anayetaka gunia lijazwe kupita kipimo, je? Gunia langu lilivaa kilemba, bei ikabaki ya kipara.

Mama Pumba: Yule wa fuso ya bluu?

Gunia Kilemba: Huyo huyo! Kumbe na wewe?

Jembe Butu: Wakuu, turudi kwenye miguu.

Mnyalukolo wa Mbarali: Miguu gani tena?