Tupeane uzoefu: stesheni wagoni iliyotembea sana kama gari la pili la nyumbani

ButiRefu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Nyumbani tuna gari moja dogo, na hilo ni la mke wangu la kwendea kazini. Nataka la pili la shughuli za mizigo: mbao, godoro, baiskeli za watoto, mara mojamoja na mbwa. Nimeona stesheni wagoni (gari refu lenye buti kubwa lililoungana na kabini) ya miaka 14, imetembea kilomita 287,000. Bodi imenyooka, muuzaji ni mmiliki wa pili, na bei iko chini mpaka nimeanza kuogopa. Kila ninayemtajia hizo kilomita anashika kichwa. Kama umewahi kununua gari la aina hii, tuambie yaliyokukuta, mazuri na mabaya. Za kusikia sitaki, ninazo za kutosha.

Spana13

Kwanza gawanya. 287,000 kwa miaka 14 ni kama 20,500 kwa mwaka, matumizi ya kawaida kabisa ya mtu anayesafiri kidogo.

Yangu niliichukua ikiwa na 310,000. Mwenyewe alikuwa mtu wa mauzo, anashinda barabara kuu. Alinipa bahasha ya risiti nene kama Msahafu, kila oili iliyomwagwa imeandikwa tarehe na kilomita. Nilisoma zile risiti usiku mzima, mke wangu akadhani ni barua za mtu. Nilikaa nayo miaka sita, nikaiuza ina 420,000. Nilibadilisha shokapu zote nne, bushi, alteneta na rejeta (yale matangi ya plastiki ya pembeni yalipasuka kwa uzee). Injini haikufunguliwa hata siku moja.

Kilomita za barabara kuu hazichoshi injini kama za foleni. Injini imeshapata moto, gia ya juu, breki haziguswi. Linaloua ni kuwasha-zima mara kumi kwa siku. Na sehemu moja ilinishinda, nitawacheka mkinicheka: zile shoki mbili zinazoshikilia mlango wa nyuma. Zilikwisha gesi, mlango ukanishukia kisogoni nikiwa nimeinama na sanduku. Tangu siku hiyo fimbo ya ufagio ilikuwa haitoki kwenye buti.

Mama Mapacha

Mimi nilifanya kinyume chako, nikaona kilomita chache ndiyo salama. Dashibodi ilisoma 118,000. Mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinang'aa, usukani laini kama sabuni, kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlangoni. Nikauliza, nikajibiwa kwamba mwenye gari alikuwa akivaa viatu vizito. Na mimi nikakubali! Viatu gani hivyo?

Miezi mitatu baadaye naosha gari mwenyewe, naona kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna karatasi ya kunata imefifia, ya kumwaga oili. Kilomita 241,000. Tarehe yake ni ya miaka mitano kabla sijanunua. Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni.

Kwa hiyo ndugu yangu, 287,000 ya kweli nitaipokea kwa mikono miwili. Ila ithibitishe. Tazama risiti, karatasi za ukaguzi, vibandiko vya oili, halafu uone kama namba zinapanda kwa mpangilio mwaka hadi mwaka. Kama kuna mahali zinashuka, aga uondoke.

OiliChafu

Fika mapema. Mimi niliambiwa nije saa nne, nikatokea saa tatu, nikakuta gari linaunguruma na muuzaji anafuta jasho. Weka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho.

Injini baridi haijui kudanganya. Cheni ya taimingi (inayooanisha valvu na pistoni) iliyolegea utaisikia ikichakacha sekunde za kwanza. Moshi wa bluu, inakula oili. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Fungua na kifuniko cha oili: ukikuta uji wa rangi ya maziwa, kunaweza kuwa na gasketi iliyoungua, au gari lilikuwa la safari fupi fupi tu na ni unyevu. Hapo fundi apime kabla hujatoa hata senti.

Kinyonga

Msimjaze mwenzenu upepo. Mimi nilinunua ya bei ya kutupa, automatiki. Kwenye majaribio ya dakika tano ilikuwa tamu. Wiki ya pili, ikishapata moto, ukitoka R (rivasi) kwenda D (mbele) inasubiri kwanza, halafu inakurusha kama punda. Oili ya gia boksi ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua. Muuzaji alikuwa ameniambia kwa fahari kwamba oili hiyo "haibadilishwi maisha". Maisha ya nani, hakusema. Gia boksi iliyotumika ilinigharimu zaidi ya nilivyolinunua gari lenyewe, na bado nikaliuza kwa hasara. Jaribu nusu saa nzima, mlima uwepo, na ubadilishe D na R likiwa la moto.

Kama inavuta magurudumu manne, tazama pia tairi. Mbili mpya na mbili kipara si dalili nzuri. Mzunguko wake haulingani, na kwenye mifumo mingi difu ya katikati (inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) inafanya kazi muda wote bila kupumzika.

Ndoto ya Lami

Mnaogopa 287,000? Mmarekani Irv Gordon alinunua Volvo P1800S mwaka 1966, akalitembeza mpaka likavuka maili milioni 3 mwaka 2013. Hiyo ni zaidi ya kilomita milioni 4.8, gari moja, dereva mmoja.

Spana13

@Ndoto ya Lami lile halikuwa stesheni wagoni, na mzee yule alikuwa mtumwa wa ratiba ya oili. Halafu alikuwa akiliendesha KILA SIKU. Mwanzisha mada anataka gari la pili. Ni habari nyingine kabisa.

Wa Jumamosi

Umenitangulia, hapo ndipo nilipotaka kufika. Sote hapa tunazungumzia gari lilikotoka, hakuna anayeuliza linakwenda kuishi vipi.

Langu lilikuwa na 265,000 wakati nalinunua, na aliyeniuzia alikuwa akilitumia kila siku ya Mungu. Halivuji, linawaka kwa kugusa. Kwangu likawa gari la Jumamosi. Wiki mbili linasimama, natoka nalo dakika kumi kuchukua kitu, nalirudisha. Mwezi wa tatu betri ikafa. Nikanunua nyingine, nayo ikafa, kumbe kuna taa ndogo ya buti haizimiki mlango ukifungwa. Diski za breki zikashika kutu, breki ya mkono ikagandia mpaka nikalisukuma kwa gari jingine. Halafu oili ikaanza kutoka kwenye sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya injini, mahali palipokuwa pakavu kabisa siku ya ukaguzi. Fundi mmoja mtu mzima aliniambia sili zilizozoea kuloa oili ya moto kila siku, ukiziacha kavu zinakakamaa. Sijui kama alinitisha tu au alinifundisha, ila nilibadilisha mwenendo.

Sasa kila wiki lazima litoke, na si mzunguko wa mtaa. Nusu saa au zaidi, mpaka mshale wa joto utulie na ekzosti ikauke. Oili nabadilisha kwa mwaka hata kama sijafikisha kilomita. Breki ya mkono siivuti likikaa siku nyingi, naweka gia na kabari chini ya tairi. Tairi naangalia namba nne za mwisho za DOT, ile alama iliyochorwa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zangu zilikuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri tu lakini zina miaka tisa, zimepasuka pembeni kama udongo wa kiangazi.

Nikakubaliana na mke wangu tubadilishane: Jumatano yeye anakwenda kazini na mkweche wangu. Limetulia tangu hapo. Anachonuna nacho ni kuliegesha.

Mama Mapacha

Nimesahau la buti. Inua zulia, toa tairi la spea, pitisha mkono kwenye lile shimo lake. Ukikuta maji au kutu, ujue yanaingia kwenye mpira wa mlango, taa za nyuma, au bomba la maji ya waipa ya nyuma limechomoka ndani ya dari. Pia fungua na kufunga mlango mara kadhaa huku umewasha taa na waipa. Nyaya zinazopita kwenye bawaba hukatika kwa kukunjwa miaka yote hiyo, utalaumu balbu bure.

ButiRefu (mwanzisha mada)

Wakuu, nimerudi. Nilifika saa moja kabla, boneti baridi. Risiti zipo, namba zinapanda vizuri isipokuwa pengo la miaka miwili ambalo muuzaji anasema alifanya mwenyewe nyumbani. Pedali zimelika kama inavyostahili. Likawaka bila moshi. Nusu saa barabarani, gia zinaingia vizuri.

Mabaya: chini ya tairi la spea kuna maji ya kujaza kikombe. Na mkanda wa taimingi (kazi yake ni ile ile ya cheni), risiti ya mwisho ni kwenye 196,000, miaka saba iliyopita. Muuzaji akasema "bado una maisha". Fundi niliyekwenda naye akamjibu kwamba kwenye injini hii mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni, na mkanda huzeeka kwa miaka hata gari lisipotembea. Ukimya ukapita. Akapunguza bei kiasi cha mkanda, pampu ya maji na kazi ya fundi.

Nimelipa. Kesho naenda kulichukua na linakwenda gereji moja kwa moja, nyumbani baadaye. Mke amekubali Jumatano, @Wa Jumamosi asante. Kitu kimoja tu: mlango wa nyuma ukiufungua unashuka wenyewe taratibu.

Spana13

Nenda na fimbo ya ufagio.