Mjadala: Tufungue upya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki?

Mleta mada:
Tangu Julai 2022 Jumuiya ina viwango vinne vya ushuru kwa bidhaa za nje: asilimia 0, 10, 25 na 35. Wapo wanaotaka vijadiliwe upya. Naona wameshika pasipouma. Kila mwaka kabla ya bajeti mawaziri wa fedha hukutana, kila mmoja na orodha ya bidhaa anazotaka kuzitoza tofauti nchini kwake. Zinatangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya, na ikifika Julai 1 ushuru wa pamoja umebaki jina.

Chukueni mchele, ambao uko kwenye orodha ya bidhaa nyeti, zile zenye viwango vyake nje ya hivyo vinne. Kiwango cha pamoja ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Kenya kwa miaka mingi imetoza asilimia 35 au dola 200. Mchele wa dola 500 kwa tani ungelipa 375. Kwa nafuu ya Kenya unalipa 200, maana asilimia 35 ni 175 tu. Kwa lori la tani 28, pengo ni dola 4,900. Mkulima wa Mbeya aliyeahidiwa soko la Kenya anashindana na pengo hilo.

Mchangiaji wa kwanza:
Hesabu yako ni sahihi, ila Kenya haivuni mchele unaotosha walaji wake. Ukitoza 75 bila kujali upungufu, anayelipa ni mwenye sufuria. Nafuu itolewe kwa tani: mavuno ya Mwea kule Kenya yahesabiwe, ya majirani yahesabiwe, kinachopungua ndicho kiingie kwa 35. Tani zikiisha, kiwango cha pamoja kirudi siku hiyohiyo. Nafuu ya asilimia peke yake haina kikomo.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu zangu, Itifaki yenyewe, yaani mkataba wa Umoja wa Forodha wa Jumuiya, msiiguse. Maamuzi ya wakuu wa nchi ni kwa maafikiano, na sasa tuko wanachama wanane. Ukifungua kifungu kimoja, kila mtu anakuja na chake. Baraza la Mawaziri lina mamlaka ya kupitia viwango, litumike hilo.

Halafu kuna vikwazo visivyo vya ushuru. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka. Kiwango cha juu kinajulikana: mikrogramu 10 kwa kilo. Kinachobishaniwa ni sampuli. Sumukuvu haienei sawasawa. Punje chache zenye ukungu zinaweza kuchafua kipimo kizima, na gunia la pembeni likawa safi. Ukichoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, kwenye magunia matatu ya juu, maabara mbili zitatoa majibu mawili kwa lori moja. Bambo lipite juu, kati na chini ya shehena, sampuli ichanganywe na kusagwa yote kabla ya kupimwa, na cheti kiheshimiwe pande zote.

Mleta mada:
Bambo nakubali. Kwenye tani, nani atahesabu? Nchi inayoomba nafuu ikijihesabia upungufu wake, tumerudi palepale. Takwimu za mavuno zihakikiwe na Sekretarieti kule Arusha kabla mawaziri hawajakaa.