Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuandika Facebook yaliyompata

Jambo wandugu. Niko Bukavu, Kadutu. Mdogo wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, anataka kuandika kwa jina lake ukatili wa kingono aliofanyiwa na jirani.

Tangu #MeToo ya 2017, wanawake wengi duniani walipoeleza mtandaoni ukatili kama huo, ninaowaona wakisema wazi ni wasichana wa mjini kama yeye, wenye simu na masomo. Mama zetu wa vijijini, Walungu na Kalehe, hakuna anayewasikia. Na wanaume je? Wengi hata daktari hawamwambii, wanaogopa kuchekwa.

Sitaki kumnyamazisha. Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, kuna daktari, mwanasaikolojia na mwanasheria. Nimemwomba apite huko kwanza. Ila aandike kwa jina au alifiche? Familia ya huyo mtu iko avenue yetu. Ninyi mlioandika, nani alibaki upande wenu?