Yai la Dhahabu la Mississippi: kwa nini mechi ya wanafunzi ni kubwa hivi?

Shangazi_wa_Umoja
Habarini wadau. Kijana wa dadangu anasomea kilimo Marekani, yuko Mississippi State, mji unaitwa Starkville, na Novemba ikifika anatujazia grupu ya familia picha ameshika kengele ya ng'ombe, ile kubwa ya shingoni, eti wanangoja kupigania Yai la Dhahabu na chuo kingine cha jimbo hilo hilo. Mamake anauliza kama mtoto alienda kusoma ama kuchunga. Mimi napenda mpira, mechi za Gor sikosi hata kama ni kwa redio, lakini hii ya kwao siielewi kabisa. Mbona mechi ya wanafunzi iwe kubwa hivyo na mbona kombe liwe yai? Anayejua anieleze polepole, nataka nikiongea na huyu kijana niongee kitu cha maana.

Mkenya_wa_Jackson
Shangazi hapo umegusa penyewe, mimi naishi huku Jackson, mji mkuu wa hilo jimbo. Kwanza elewa kwamba Mississippi haina hata timu moja kwenye zile ligi kubwa za kulipwa, si ya futiboli yao, ile ya kubeba mpira mikononi, si ya basketi. Na watu ni karibu milioni 3 jimbo zima, wakati sensa ya 2019 ilipata Nairobi peke yake ina milioni 4.4. Sasa mapenzi yote ya mpira yakaangukia vyuo viwili, Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi kilichoko Oxford, na hiyo State ya kijana wako. Huku mtu ambaye hajawahi kuingia darasa la chuo chochote bado ana chuo chake, amekirithi kwa babake, na unakuta nyumba moja baba ni wa huku mama ni wa kule na wiki hiyo hawaongei vizuri.

Wanacheza tangu 1901. Ole Miss ndiko walikotoka mawakili na madaktari, State ilianzishwa 1878 kama chuo cha kilimo na ufundi, zamani ikiitwa Mississippi A&M, kwa hivyo wa Oxford waliwaona wenzao watu wa shamba tu. Lakini uwanjani hao watu wa shamba wakawatandika mechi 13 mfululizo! Halafu ikafika 1926, huko huko Starkville, Ole Miss wakapenya 7-6. Mashabiki wao wakavamia uwanja wang'oe milingoti ya goli waende nayo, wenye uwanja wakakataa, wakachukua viti wakaanza kuwavunjia vichwani, ngumi zikatembea pande zote.

Baada ya hiyo aibu ndio wanafunzi wakakaa chini. Chama kimoja cha Ole Miss kinaitwa Sigma Iota kikaleta wazo la kombe, wanafunzi wa vyuo vyote viwili wakachanga, na 1927 likaanza kushindaniwa, Ole Miss wakalibeba 20-12. Kwa kweli si yai, ni mpira wa shaba juu ya kibao cha mbao, ila mipira ya wakati huo ilikuwa minene katikati, haikuchongoka kama ya leo, ukiitazama unaona yai tupu. Jina la mechi yenyewe, Egg Bowl, ni la mwisho wa miaka ya 70, lilianzia kwa gazeti la hapa Jackson.

Beki_Tatu
Kuhusu kengele shangazi mwambie mamake mtoto atulie, hiyo ni heshima. Hadithi yao ni kwamba kuna siku ng'ombe aliingia uwanjani wakicheza na Ole Miss, State wakashinda, wakamchukua kama bahati. Ila mimi naona la maana ni kwamba waliitwa watu wa ng'ombe wakaamua sawa, tutakuja na kengele, na mtasikia. Watu wanachomelea mpini wa chuma juu ndio mkono ushike vizuri, halafu waza uwanja wa karibu watu 60,000, yaani Nyayo mbili zimejaa, wote wanapiga kengele. 1974 ligi yao ikapiga marufuku, watu wakaendelea kuziingiza wamezificha, hadi 2010 ligi ikakubali zipigwe nyakati fulani tu, kila mchezo ukikaribia kuanzishwa mnanyamaza.

Ingwe_Damu
Asanteni kwa elimu. Lakini naomba kuuliza, hilo kombe lilimaliza vita kweli? Maana mimi nimekimbia moshi wa vitoa machozi kwa derby hapa mjini nikiwa na mtoto mgongoni, na kila mara tunaambiwa suluhu ni askari zaidi, sijawahi kusikia mtu akiwauliza mashabiki wenyewe.

Mkenya_wa_Jackson
Vita havikuisha bro, sitakudanganya. 2018 wachezaji walishikana vibaya hadi marefa wakaandikia kila mchezaji wa timu zote mbili kosa. 2019 ndio mbaya zaidi, Ole Miss wako nyuma 21-14 zimebaki sekunde 4, mchezaji wao Elijah Moore akafunga, hiyo ni pointi 6, 21-20, linabaki teke moja la pointi 1 la kusawazisha. Kijana kwa furaha akapiga magoti akainua mguu kama mbwa anayekojoa, kwa sababu State wanajiita Bulldogs, aina ya mbwa. Refa akatoa adhabu ya yadi 15, teke likarudishwa nyuma, mpigaji akakosa, mechi ikaisha hapo. Kocha wa Ole Miss alifutwa siku chache baadaye, na wa State aliyeshinda naye akafutwa Januari. Nilimhurumia sana yule kijana, alikuwa amefanya kazi nzuri usiku mzima.

Na kuna 1983, wazee wa hapa wanaisimulia kama jana. State wako chini 24-23, zimebaki sekunde 24, wana teke la goli la pointi 3, yadi 27 tu, rahisi kabisa. Ukapigwa sawasawa, ukaenda katikati ya milingoti, halafu upepo ukausimamisha hewani na kuurudisha chini kabla haujapita. Ole Miss wakashinda kwa upepo.

Machine_Mzee
Mimi nilicheza raga Mean Machine, timu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na wiki ya kukutana na Blak Blad wa Chuo Kikuu cha Kenyatta hata chakula hakikupita. Kilichonivutia kwa hawa wa Mississippi si shaba, ni utaratibu waliouandika 1927: mechi ikiisha timu zinasimama, unaimbwa wimbo wa chuo kilichoshinda, halafu wa kilichoshindwa, ndipo kombe linakabidhiwa. Aliyeshindwa anaimbiwa naye. Kukimbilia milingoti wakati wimbo wa chuo chako unaimbwa ni ngumu. Enzi zangu tukimaliza kila mtu alikimbilia basi lake.

Shangazi_wa_Umoja
Mmenisomesha hadi nimetokwa na machozi hapo kwa upepo. Na nikitaka kuitazama live ni saa ngapi huku?

Beki_Tatu
Huwa wiki ya Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, mara nyingi siku hiyo au Ijumaa. Tuko mbele yao saa 9, wakianza saa kumi na mbili na nusu jioni huku ni saa tisa na nusu usiku. Andaa chai.

Ingwe_Damu
Basi mimi nasema Mashemeji, derby yetu ya Gor na Leopards, nayo ipate kitu chake kisichohusu pointi za ligi, kichangiwe na matawi ya mashabiki wa Gor na Leopards nusu kwa nusu. Shangazi wewe ni wa kijani, mimi ni Ingwe, tuanzie hapa. Nitalipeleka kwa mkutano wa tawi letu.

Machine_Mzee
Peleka, lakini kabla ya kutafuta fundi andikeni mambo ya sare. Wale waliweka kwamba ikitoka sare, aliyeshinda mwaka uliopita anakaa nalo miezi 6 ya kwanza, kisha analipeleka kwa mwenzake. Mashemeji na sare mnajua wenyewe, hiyo iwe kanuni namba moja.